Krapi Hawali: Kabla ya Kulaumu Chambo, Pima Kina

Aprili ikiingia, simu za krapi, yule samaki wa maziwa ya Marekani, zinaanza. "Nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi, boya halijatikisika, na huyu mzungu pembeni yangu anajaza ndoo." Anayepiga huwa ni mmoja wetu, mtu wa Kigoma au Baraka au Kalemie, miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekua akiona dagaa wakianikwa mchangani tangu hajajua kutembea, na sasa yuko Louisville, Kentucky: wiki nzima ghalani, Jumamosi ziwani. Anataka nimtajie chambo. Mimi namuuliza kwanza: chambo chako kimeshuka kiasi gani? Hapo simu inakuwa kimya.

Nimevua krapi miaka kumi na moja sasa, mingi yake Taylorsville, lile ziwa la mto Salt lililo karibu na jiji, na mara chache, mfuko ukiruhusu, Kentucky Lake huko magharibi. Malalamiko ninayoletewa ni yale yale, na mengi yakichimbwa mzizi wake ni kina. Tafuta lako hapa chini, ila kipande kinachofuata kisome hata kama una haraka, maana mengine yote yamekaa juu yake.

Mtazame samaki mwenyewe

Ukimpata wa kwanza usimtupe ndooni papo hapo. Mgeuze ubavu. Jicho ni kubwa kuliko kichwa kinavyostahili, nalo limekaa juu. Mdomo unafunguka kuelekea juu. Ile ngozi ya pembeni ya mdomo ni nyembamba hivi kwamba ukiinyoosha mbele ya jua mwanga unapita. Wamarekani wamempa jina la utani la mdomo-karatasi. Huyu ameumbwa atazame juu. Anatulia mahali, anangoja kitu kipite juu ya kichwa chake, kisha anakipandia. Kilicho chini yake hana habari nacho.

Chambo kikiwa nusu mita juu ya krapi, una kitoweo. Kikiwa nusu mita chini yake, unapunga upepo.

Jicho hilo kubwa lina maana nyingine: anaona vizuri mwanga ukiwa hafifu, wakati vidagaa anavyovila havimwoni. Ndiyo maana alfajiri, magharibi, usiku na siku za mawingu zinalipa, na saa saba mchana kwenye jua kali inabidi umfuate kivulini au kina kirefu.

Wako wa aina mbili. Krapi mweupe ana mistari iliyosimama ubavuni na miiba 5 au 6 mbele ya pezi la mgongo. Mweusi ana madoa yaliyotapakaa ovyo na miiba 7 au 8. Hesabu miiba, usiamini rangi, kwa sababu dume la aina yoyote, msimu wa kutaga ukikaribia, hugeuka jeusi kichwani na kifuani. Mweupe huvumilia maji ya tope. Mweusi hupenda maji angavu na penye majani. Maziwa mengi ya Kentucky yana wote wawili, na kwenye kikaango hutawatofautisha.

"Sijaguswa hata mara moja"

Hili ndilo lalamiko kubwa, nalo lina sababu ya kinyumbani. Wengi wetu ndoano tulifundishwa kwa kambale. Kambale yuko chini, kwa hiyo mkono umezoea: chubwi zito, mshipi unatupwa, risasi inalala kwenye tope, unangoja. Kwa krapi hiyo ni kuvua chini ya miguu yake.

Dawa ni kupima, na kipimo unacho mkononi. Ufito wa futi 10 ni mita 3. Shusha jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi na mkia wa kuigiza kidagaa, mpaka iguse maji ncha ya ufito ikiwa juu tu ya maji, kisha shika mshipi pale kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na uuvute taratibu kuelekea nyuma kadiri mkono unavyofika, uachie ushuke, uhesabu. Mkono wangu ukinyooka unavuta karibu sentimita 60, kwa hiyo mivuto mitano ni mita 3. Ukiguswa kwenye mvuto wa nne, jigi inayofuata inarudi mvuto wa nne, si "hapo hapo karibu".

Asiye na ufito mrefu na anatupa mbali, ahesabu kwa sauti. Jigi ya sehemu 1 ya 16 ya aunsi, yaani gramu 1.8 hivi, kwenye mshipi mwembamba huzama takriban futi moja kwa sekunde. Ya sehemu 1 ya 32 huzama kwa nusu ya mwendo huo. Hesabu moja hadi sita, anza kuvuta polepole. Hakuna kitu? Mara nyingine hesabu hadi nane. Mzee mmoja wa Baraka ninayevua naye huweka fito tatu kwa vina vitatu tofauti, halafu anakaa kimya kama jaji. Ufito mmoja ukizungumza mara mbili, anahamishia mingine miwili kwenye kina hicho. Angalia tu kijitabu cha sheria kinaruhusu fito ngapi pale ulipo.

Anzia wapi? Zamisha jigi nyeupe kandokando ya mtumbwi au gati uiangalie inavyopotea machoni. Ikipotea kwenye nusu mita, maji ni ya tope na krapi wa masika wanaweza kuwa kwenye maji ya magotini. Ukiendelea kuiona hadi mita mbili, usipoteze muda ukingoni.

Kina kikishakuwa sawa na bado kimya, shida ni mahali. Krapi hapendi uwanja mtupu. Anataka mti ulioanguka, kisiki, nguzo za gati, rundo la matawi. Taylorsville ina miti mingi iliyozamishwa ikiwa imesimama, na idara ya wanyamapori ya Kentucky huzamisha marundo ya matawi katika maziwa mbalimbali kisha inatoa ramani zake bure. Ramani ipo, na bado watu wanakaa pale palipo karibu na gari. Mimi hujipa dakika 20 kwenye mti mmoja. Zikiisha naondoka, hata kama moyo unaniambia wanakuja.

Kuna ubaguzi mmoja. Tangu sona za kuangalia mbele, vile vyombo vinavyoonyesha samaki kwenye skrini, zienee, wenye boti za gharama wameonyesha kwamba krapi wengi, hasa weupe wakubwa, hukaa katikati ya maji wazi mbali na mti wowote, wakilifuata kundi la shadi, visamaki vya kung'aa wanavyovila. Hizo sona sina, na kwa kweli nikiona mtu ziwani amekodolea runinga macho saa nzima hamu inanitoka. Lakini jambo walilolionyesha ni kweli, nalo limenisaidia: Agosti nikiona shadi wanarukaruka juu ya maji wazi, siwapuuzi tena.

"Jana walijaa hapa, leo hakuna hata mmoja"

Sababu ziko tatu, na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni wimbi la baridi. Masika ya Kentucky yanadanganya: siku tatu za joto, watu wanavaa fulana, halafu mvua ya radi usiku, na asubuhi anga ni la buluu safi, upepo wa kaskazini, vidole vinauma. Siku hiyo ni nzuri kwa picha tu. Maji ya ukingoni yamepoa ghafla, jua linachoma bila wingu, na krapi wamefanya moja kati ya mawili: wamerudi nyuma kwenye kina kirefu zaidi, au wamejibana ndani kabisa ya matawi na hawataki kutoka. Usihame ziwa. Rudi mti ule ule wa jana, shusha jigi ndogo kuliko ya jana, uiweke ndani ya matawi na si pembeni, kisha usiitikise. Iache ining'inie. Upepo mdogo unaogusa ncha ya ufito unatosha. Siku kama hizo krapi hafuati kitu. Kitu lazima kimkute puani, na hata hapo anakitafakari.

Utanasa kwenye matawi, ndiyo. Tumia ndoano ya waya laini, namba 4 au 2. Ikinasa, usikurupuke kutikisa mti mzima. Zungushia mshipi kwenye kijiti, siyo kwenye kiganja, uvute moja kwa moja taratibu. Ndoano itanyooka na kutoka. Ikunje upya kwa koleo. Jigi yangu moja ya rangi ya ndimu imekunjwa mara nyingi hadi imekuwa kama bibi kizee, na bado inavua.

Ya pili ni kutaga. Maji yakifika nyuzi 60 hadi 68 za Farenhaiti, yaani kama 16 hadi 20 za Selsiasi, dume linasogea ukingoni, linasafisha mahali chini na kulilinda. Kentucky wazee hawapimi maji: wanaangalia mti wa dogwudi ukitoa maua yake meupe, kwa kawaida Aprili. Jike halikai kwenye kiota. Linangoja nyuma kidogo, penye kina zaidi, linakuja kutaga, linaondoka. Sasa tazama ndoo yako ya jana. Ikiwa wote walikuwa weusi kifuani na wembamba tumbo, ulikuwa unavua madume. Wakiisha pale, rudi nyuma mita kadhaa kuelekea maji ya kina na uteremshe chambo. Majike yenye tumbo yako hapo, hasa kwenye mti wa mwisho kabla sakafu haijatumbukia.

Ya tatu ni maji yenyewe kupanda au kushuka. Kentucky Lake hushushwa wakati wa kipupwe hadi futi 354 juu ya usawa wa bahari na kupandishwa hadi 359 kwa kiangazi. Futi tano ni mita moja na nusu. Vichaka vilivyokuwa nchi kavu Machi, Mei vimezama, na krapi wamo ndani yake. Maji yakianza kushushwa, wanatoka humo mapema kuliko unavyodhani. Ukifika ukaona alama ya maji ambayo haijakauka kwenye shina la mti juu ya usawa wa sasa, maji yanashuka: acha vichaka, tafuta mti uliosimama nje yake.

"Boya linafanya vituko"

Hapa watu wanapoteza samaki bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boya likizama, hata mtoto anajua. Tatizo ni boya likilala. Uliliweka limesimama wima, ncha yake nyekundu juu. Unatazama. Linainuka kidogo, kama mtu anayenyoosha shingo aone mbele, kisha linajilaza ubavu juu ya maji na kutulia. Mgeni anasema, "Upepo." Siyo upepo. Krapi amepanda, amekichukua chambo na anaendelea kwenda nacho juu, uzito umetoka kwenye boya, ndiyo maana limelala. Chambo kimo mdomoni mwake sasa hivi. Kaza mshipi uliolegea kwa rili, kisha inua ufito.

Lakini boya likilala tangu ulipolitupa, bila kusimama hata kidogo, hiyo ni habari nyingine: chubwi lako limefika chini na boya halina cha kulivuta. Punguza kina kwa nusu mita.

Boya linalosimama vizuri halafu linazama sentimita mbili na kurudi, linazama na kurudi, bila kwenda? Ama ni samaki wadogo wanaodonoa mkia wa kidagaa hai ulichokitia ndoanoni, ama boya lako ni kubwa mno na krapi akihisi uzito wake anatema. Badilisha boya kwanza, ni rahisi. Lile la mviringo kama limau, jekundu na jeupe, wanaloliuza kwa ajili ya watoto, liwachie watoto. Tumia jembamba kama penseli, uongeze chubwi dogo dogo mpaka ibaki ncha tu juu ya maji.

Anayetumia boya la kuteleza, lenye tundu katikati na fundo la uzi juu ya mshipi la kulizuia: samaki wakiacha kugusa ghafla ingawa hujahama, kagua fundo. Likilegea, linateleza kidogo kila unapotupa, na baada ya saa moja uliyekuwa unavua mita 2 unavua mita 3. Lilowanishe kwa mate, ulikaze. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa fundo la uzi lisilozidi punje ya mtama.

"Nawanasa, wanaponyoka wakiwa juu ya maji"

Mdomo-karatasi, ndugu. Ule mkono wa kung'oa sangara haufai hapa. Ukivuta kwa nguvu unapasua tundu, na samaki akitoa kichwa nje ya maji uzito wote unaning'inia kwenye tundu hilo. Inua ufito kwa kiwiko, si kwa bega. Usimpe mshipi kulegea, usiache kuzungusha rili ukimwita mwenzako aje aone. Ukiwa kwenye gati refu juu ya maji, nunua wavu wenye mpini. Mshipi wa kilo 2 hadi 3 wa kunyumbulika unasamehe makosa kuliko ule wa nyuzi za kusuka usionyumbulika kabisa. Na ufito uwe mlaini, unaopinda hadi katikati.

Wakiponyoka mfululizo ingawa umekuwa mpole, angalia walinaswa wapi. Wakinaswa kwenye ngozi ya nje ya mdomo, wanadonoa bila kumeza: chambo ni kikubwa au kinakwenda mbio. Punguza kimoja kati ya hivyo.

"Tumekaa mita mbili, yeye anapata, mimi sipati"

Hili linauma kuliko yote, na linaharibu urafiki. Kabla hujaanza kusema habari za bahati, omba kuona ncha ya mshipi wake.

Angalia jigi inavyoning'inia. Kidagaa hai majini kimelala sambamba na uso wa maji, pua mbele mkia nyuma. Jigi iliyofungwa vibaya inaning'inia kichwa juu mkia chini, kama shati kwenye kamba, na hakuna samaki anayeogelea hivyo. Kwenye jigi ambayo tundu lake limekaa juu ya kichwa, vuta fundo kwa ukucha mpaka likae juu kabisa ya tundu, katikati, kisha iachie uitazame: inalala sawa. Kila samaki unayemtoa hulisogeza fundo mbele. Kwa hiyo kila samaki, ukucha. Mzee wa Baraka anafanya hivyo bila kutazama, kama mtu anayehesabu tasbihi. Kwa miezi miwili nilidhani ni mazoea tu ya uzeeni, hadi nilipomwuliza. "Mwanangu," akasema, "wewe unaweza kula ugali uliosimama?"

Halafu unene wa mshipi. Kwenye maji angavu ukitumia wa kilo 5 kwa sababu ndio uliokuwa kwenye rili ya kambale, umejifunga kengele shingoni. Halafu kivuli: mwenzako yuko upande wa gati wenye kivuli, wewe umekaa juani kwa sababu ya kijibaridi cha asubuhi. Mita mbili, lakini kwa krapi ni nchi mbili.

Kivuli kikiwa chini ya gati kabisa, pasipofikika kwa kutupa, kuna ufundi wa kurusha kama manati. Shika jigi kwa vidole viwili, tumbo la ndoano likiangalia nje, mbali na ngozi yako, vuta nyuma hadi ufito upinde, elekeza, achia. Inaingia chinichini juu ya maji hadi gizani. Jifunze kwanza kwenye nyasi za nyumbani. Usiulize nimejuaje.

Rangi naiweka mwisho makusudi. Maji ya tope: rangi ya ndimu, nyeusi, au vyote viwili. Maji angavu: nyeupe, kijivu, rangi ya shadi. Inatosha. Nina kisanduku chenye rangi arobaini na navua na nne.

"Nawapata wadogo tu, kama kiganja cha mtoto"

Likiwa bwawa dogo la shamba au la bustani, huenda kosa si lako. Krapi huzaana sana, na bwawa dogo likishajaa chakula hakitoshi, wote wanadumaa. Utawatoa mia na hakuna atakayefika sentimita 20. Nenda ziwa kubwa.

Ziwani kuna jambo jingine: krapi wa umri mmoja hutembea pamoja. Ukipata watano wadogo mfululizo, umeingia darasa la chekechea; ukibaki utaendelea kuwapata hao hao. Teremka kina zaidi au hama mti. Mara nyingi wakubwa wako chini kidogo ya wadogo au upande wa nje wa rundo lile lile. Na ongeza ukubwa wa chambo. Mweupe mkubwa kuliko wote kwenye kumbukumbu alitoka Enid, Mississippi, mwaka 1957, akiwa na zaidi ya kilo 2.3. Huyo hakushibishwa na kitu cha ukubwa wa mbu.

Kentucky Lake na Barkley, ziwa jirani yake, krapi aliye chini ya inchi 10 anarudishwa majini. Maziwa mengine yana vipimo vyao na idadi yao kwa siku, navyo hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu, siyo cha mwaka ulipofika Marekani. Leseni ya Kentucky huanza 1 Machi na kwisha Februari; aliyeinunua Januari akidhani ina mwaka mzima hushtuka.

"Vidagaa vyangu vinakufa kabla ya kuvuliwa navyo"

Maji ya bomba yana klorini. Tumia maji uliyopewa dukani au ya ziwa lenyewe. Joto likizidi, gandisha chupa ya maji iliyofungwa uitumbukize ndooni nzima, usimimine barafu. Usivirundike dazeni nne kwenye ndoo ya lita tano. Toboa midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu ukivuta chambo, au chini ya pezi la mgongo ukikining'iniza chini ya boya. Vilivyobaki usivimwage ziwani. Watoto wa samaki aitwaye kapu wa Asia, walioharibu mito mingi huku, wanafanana sana na shadi, na ndivyo wanavyohamishwa kwa ndoo.

"Julai: mchana kutwa hakuna kitu"

Kiangazi ziwa kama Taylorsville hujigawa matabaka. Juu maji ya moto yenye hewa. Chini maji baridi yaliyoishiwa oksijeni, na kati yao mpaka mkali. Samaki hawezi kuishi chini ya mpaka. Hapa ile kanuni ya "jua kali, nenda chini" inakugeuka, maana ukishuka sana unavua mahali ambapo hakuna kinachopumua. Jipime hivi: shusha kidagaa kizima hadi mita 7, subiri dakika kumi, kipandishe. Kikirudi kimekufa na chubwi likiwa baridi shavuni, umevuka mpaka. Panda mita moja, rudia. Kikirudi kinacheza, krapi wako juu ya hapo, mara nyingi wakielea kando ya mti katikati ya kina, si chini wala si juu.

Au acha mchana kabisa, uvue usiku kwa taa. Hapa sisi tuna mwalimu ambaye wengi hawana. Kigoma usiku usio na mwezi ziwa linawaka karabai kama mji. Taa inavuta vijidudu, vijidudu vinavuta dagaa, na nyuma ya dagaa anakuja mgebuka. Kentucky ni mchezo ule ule wenye majina mengine. Taa ya kijani inazamishwa, vijidudu vinakusanyika, shadi wanakuja kuvila. Shadi naye ni wa jamii ya heringi kama dagaa wetu wa Tanganyika, na anang'aa vilevile. Chini ya shadi, kwenye ukingo wa mwanga na giza, wanapangana krapi.

Washa kabla giza halijakolea na utoe saa nzima. Anayezima baada ya dakika ishirini kwa kukata tamaa amezima jiko ugali haujaiva. Na usitupe chambo katikati ya kundi la shadi, kitakuwa kimoja kati ya elfu. Kipitishe chini kidogo ya shadi na juu kidogo ya krapi, pale mwanga unapoanza kufa. Unaowavuta kutoka mita 8 au 9 hesabu kuwa ni wa kula, kwa sababu hewa ya ndani imewavimbisha na ukiwarudisha wengi hawaponi. Texas, kwenye Lake Fork, miezi ya baridi sheria yenyewe imewahi kumlazimisha mvuvi awabebe, wadogo kwa wakubwa, mpaka idadi ya siku itimie. Ikitimia, kunja mshipi.

Mara ya kwanza nilipomleta mzee kwenye taa ilikuwa Agosti, saa tano usiku. Alitazama ile duara ya kijani, shadi wakizunguka ndani yake, hakusema neno. Kisha akaomba jigi iliyo nyepesi kuliko zote, akaivuta ukucha kwenye fundo, akahesabu mivuto kwa Kibembe.

"Hawa wako kwenye nne," akasema, na ufito wake ulikuwa umeshapinda.